Mwigizaji Aliyeitangulia Televisheni

Desemba iliyopita nilipanda mlima, kama kila Mchaga aliyebakiwa na nauli. Nyumbani kwetu Mwika sebule ilikuwa imejaa: wajomba, mashangazi, wajukuu waliotoka Dar, Arusha na Mwanza, na bibi katikati yao kwenye kiti chake kilekile. Televisheni ilikuwa inaonyesha tamthiliya fulani ya jioni. Binti wa kaka yangu, ambaye anataka kuwa mwigizaji na halifichi hilo, akamuuliza bibi: "Bibi, wewe mwigizaji wako wa kwanza mwanamke kumpenda ni nani?"

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Mama Kayai."

Watu wazima tukacheka, watoto wakabaki wanatutazama. Ilibidi tuwaeleze. Kabla Tanzania Bara haijawa na kituo hata kimoja cha televisheni, mjomba wetu alinunua seti ndogo, akaiendesha kwa betri ya gari na kufunga antena juu ya mti mrefu nyuma ya zizi, akaielekeza upande wa Taveta. Picha ilikuwa na chenga, lakini Kenya iliingia. Ndiyo maana huku kwetu mashariki ya mlima kuna wazee wanaomjua Mama Kayai na Mzee Ojwang wa Vitimbi kama wanavyowajua majirani zao. Wakenya walikuwa na televisheni tangu 1962. Zanzibar walipata yao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ambayo nchi masikini haiwezi kuimudu, na sina ugomvi sana na hoja hiyo. Wakati huo hata zahanati zilikuwa zinahesabika.

Lakini usiku ule swali la mtoto liligoma kuniachia. Mwigizaji wa kwanza wa bibi yangu ni Mkenya kwa sababu ya antena tu. Sasa waigizaji wetu wenyewe wa miaka ile walikuwa wapi? Nani aliwaona? Na kama hakukuwa na kamera, nini kimebaki kwao?

Jina lililonijia kichwani ni Amandina Lihamba.

Naomba nianze na hesabu ndogo. Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994, alikuwa na miaka hamsini. Yaani ujana wake wote wa kisanii, ile miaka ambayo mwigizaji wa leo angeitumia kujaza skrini na mabango, ulipita mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya ukumbi, kwenye mikeka, au waliosimama chini ya mti. Onyesho likiisha, watu wanakung'uta vumbi na kwenda zao. Hakuna marudio Jumapili mchana.

Wengi wetu tulimjua kwanza kama jina kwenye jalada la kitabu. Mimi nilikutana naye kwenye kabati la vitabu la shule, kupitia Hawala ya Fedha, tamthiliya iliyotoka mwaka 1980. Aliitoa kwenye hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali, ile ya mzee asiye na kazi anayetumiwa hawala na mpwa wake kutoka Paris. Fedha ipo, jina ni lake, lakini hawezi kuichukua kwa sababu hana kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji karatasi nyingine, na ya pili inadai ya tatu, na kila dirisha lina mtu anayetaka chochote kitu. Mwishowe mjanja anaila yote. Sembène mwenyewe aliifanya filamu mwaka 1968. Lihamba aliona kwamba hadithi ile haikuwa ya Dakar peke yake. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya karatasi katika nchi hii anaelewa kwa nini.

Ila kumuita mwandishi tu ni kumpunguza. Alikuwa mwigizaji, mwongozaji, na mwalimu wa sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika idara iliyokusanya watu wenye njaa ya kujibu swali moja: jukwaa letu lifananeje baada ya wakoloni kuondoka na Shakespeare wao? Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alikuwa ametoa Kinjeketile. Penina Muhando akaja na Hatia mwaka 1972, halafu nyingine zikafuatana. Lihamba, Muhando na Ndyanao Balisidya wakaandika pamoja Harakati za Ukombozi, iliyotoka mwaka 1982. Wanawake watatu, jina la kila mmoja likiwa pale kwenye jalada. Napenda kuwakumbusha hilo wale wanaotuambia kwamba historia ya tamthiliya ya Kiswahili ni ya wanaume, na wanawake walikuja baadaye kama wageni waalikwa.

Halafu kuna mwaka 1985, ambao kwangu ni mwaka wa kushangaza katika maisha yake. Mwaka huo alimaliza tasnifu ya udaktari Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Mada yake ilikuwa siasa na maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha, kuanzia 1967 hadi 1984. Mwaka huohuo filamu fupi ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilishinda tuzo kwenye tamasha la FESPACO kule Ouagadougou. Mariamu ni mwanamke mgonjwa ambaye hospitali haijamponya, na ambaye tangu utotoni anawaogopa waganga wa jadi. Aliyeigiza Mariamu ni Lihamba. Mkono mmoja unaandika maelezo ya chini ya tasnifu, mwingine unashika nafasi kuu ya filamu. Leo tunazoea kudhani kwamba msomi na msanii ni watu wawili wasioweza kukaa chumba kimoja.

Nikisema hivyo naweza kumfanya msomaji adhani njia ya kawaida ilikuwa imefunguka: tuzo, filamu nyingine, umaarufu. Haikuwa hivyo. Filamu hapa kwetu zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, maana mkanda, kamera na usafishaji vyote vilidai fedha za kigeni. Kwa mwigizaji wa miaka ya themanini, sauti ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Ukiuliza Moshi ile ya zamani kuhusu michezo ya kuigiza, watu watakutajia Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania kabla ya kukutajia jukwaa lolote.

Basi Lihamba na wenzake walifanya nini? Walichukua sanaa wakaipeleka vijijini, na huko wakafanya kitu ambacho mwigizaji mwenye kiu ya jina hawezi kukifanya: walikataa kuwa wao ndio waigizaji. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Malya, kule Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Lihamba, Muhando na Eberhard Chambulikazi hawakufika na tamthiliya iliyokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua. Yakatoka mambo yanayoaibisha, pamoja na wasichana wa shule kupata mimba. Kisha wakatumia wigashe, ngoma ya hukohuko, ili vijana wenyewe wayatoe mambo hayo mbele ya wazazi na viongozi, na baada ya ngoma watu wakae waongee. Penina Muhando, ambaye pia tunamjua kama Penina Mlama, aliandika kwa kirefu kuhusu kazi za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1991.

Sisemi kwamba ngoma moja iliponya kijiji. Ninachosema ni kwamba pale mwigizaji aliyesomea kazi yake alikaa chini, akampa msichana wa kijijini nafasi ya kusimama.

Kutoka hapo ndipo likaja jambo lililonigusa mimi binafsi. Mwaka 1996 Lihamba na Mlama walianzisha Tuseme, mradi wa wasichana wa sekondari. Jina lenyewe ni maelezo tosha. Wasichana wanakaa, wanataja kinachowazuia kusoma, wanachambua kwa nini kipo na nani anahusika, wanatunga mchezo, wanauonyesha mbele ya shule nzima, walimu wakiwemo, halafu mjadala unaanza na hatua zinapangwa. Baadaye klabu inabaki ili mambo yasiishie kwenye makofi. Shirika la FAWE likauchukua mtindo huo na kuupeleka nchi nyingine za Afrika.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa huku mlimani, ambayo sitaitaja. Tulitunga mchezo kuhusu barabara. Wengi wetu tulitembea zaidi ya saa moja asubuhi, na saa moja nyingine jioni kupandisha, mvua za masika zikigeuza njia kuwa sabuni. Kulikuwa na makonda wa Hiace waliotupa lifti. Kila msichana alijua lifti ina bei, na kila msichana alijifanya hajui.

Rafiki yangu ndiye aliyeigiza konda. Simtaji jina, na yeye mwenyewe ameniomba nisimtaje. Alivaa kofia ya kaka yake kinyumenyume, akaning'inia kwenye mlango ambao haukuwepo, akapiga bodi ya gari ambayo haikuwepo, na jamani, gari likawepo! Wazazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akabadilisha sauti. Akainama kidogo kwa msichana aliyekaa siti ya mbele, akamwambia maneno machache kwa upole sana. Ukumbi ukanyamaza. Nimeona michezo mingi tangu siku ile, kwenye kumbi za Dar na nje ya nchi, lakini ukimya kama ule sijausikia tena.

Mzee mmoja wa kamati akasimama, akasema haya mambo hayasemwi hadharani. Mama mmoja nyuma akajibu bila kusimama: "Na yanafanyika wapi, Mzee wangu? Si hadharani?"

Baada ya hapo kilifanyika kikao, na kwa muda fulani makonda wakatuogopa. Naandika "kwa muda fulani" kwa makusudi. Mwaka uliofuata rafiki yangu alipata mimba, na alifukuzwa shule kama ilivyokuwa ikifanyika. Yule aliyetuonyesha wote mtego ulivyo ndiye aliyenaswa. Kwa miaka mingi niliibeba habari hiyo kama ushahidi kwamba Tuseme ni maneno tu. Tulisema, halafu?

Nilikuwa na mawazo hayohayo nilipoitazama Maangamizi kwa mara ya kwanza, kwenye DVD ya kuazima, nikiwa nimemaliza chuo. Filamu hiyo ya mwaka 2001 iliongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill. Daktari Mwafrika wa Marekani, Asira, aliyeigizwa na BarbaraO, anakuja kufanya kazi Tanzania katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anamkuta mgonjwa anayeitwa Samehe, ambaye hasemi. Amebeba jambo zito la utotoni, na kwa miaka mingi amejifungia ndani ya ukimya. Kuna pia bibi wa mizimu, Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Samehe ni Lihamba.

Fikiria kidogo. Mwanamke huyu amefundisha watu kutumia sauti. Miaka mitano tu kabla ya hapo ameanzisha mradi unaoitwa Tuseme. Anapopata nafasi kubwa kuliko zote mbele ya kamera, akiwa tayari na zaidi ya miaka hamsini, anacheza mtu asiyesema. Na ananyamaza vizuri mno. Ukimtazama unaona kwamba ule ukimya umejaa. Mabega yanajua kitu, macho yanakataa kukitoa. Daktari amekuja na elimu yake yote, na inambidi ajifunze kusubiri.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelikosea. Nilidhani kusema ni dawa, na kwa kuwa rafiki yangu hakupona, dawa ilikuwa feki. Lihamba alijua zaidi yangu. Mtu aliyekaa Malya na kwingineko akiwasikiliza wasichana hawezi kudhani kwamba neno moja likitoka basi mambo yamekwisha. Samehe anatuonyesha kusema kunagharimu kiasi gani, na kwamba anayesikiliza naye ana kazi ya kufanya. Katika shule yetu wasichana tulifanya kazi yetu yote. Tulisema. Waliobaki na deni ni wale waliokuwa kwenye viti.

Nchi ilichukua muda kulipa. Ruhusa rasmi ya wasichana waliopata mimba kurudi kwenye shule za serikali ilitolewa Novemba 2021. Siwezi kudai kwamba ilitokana na michezo ya kuigiza. Lakini jambo hilo lilikuwa likisemwa jukwaani, na wasichana wenyewe, robo karne kabla ya waraka kuandikwa.

Maangamizi ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ilipelekwa zaidi ya miaka ishirini baadaye. Hata hivyo jaribu kuuliza vijana kumi wanaopenda filamu za Bongo kama wameiona Maangamizi. Mimi nimejaribu, pale stendi ya Moshi, nikisubiri basi. Hakuna aliyeiona. Mmoja aliniuliza kama ni sinema ya vita.

Siwalaumu. Wataionea wapi? Hapo ndipo lilipo jambo linaloniuma kama mwandishi wa habari. Tunaandika sana kuhusu waigizaji wa leo, wameachana na nani na wamenunua gari gani, na waliowatangulia tunawasubiri mpaka wafe ndipo tutafute picha. Lihamba mwenyewe amefanya kazi ya kutunza sauti za wengine: ni mmoja wa wahariri wa ule mkusanyo mkubwa wa maandishi ya wanawake wa Afrika Mashariki uliotoka mwaka 2007, ambamo wanawake wa zamani, hata wale ambao hawakushika kalamu, wanasikika. Yeye je, nani anamtunzia? Jioni zile zote za ukumbini zimekaa ndani ya vichwa vya watu wenye mvi, na vichwa vinaondoka kila mwaka.

Kwa hiyo nina ombi, na nalitoa kwa wasomaji wa hapa kwa sababu najua ni watu wa vitabu na makaratasi. Kama kwenu kuna kipeperushi cha onyesho la miaka ile, picha ya kikundi cha shule, au kaseti ya mchezo wa redio, usiitupe. Andika nyuma yake mwaka na majina. Kama shangazi yako aliigiza Bagamoyo au chuoni, mkalishe umuulize. Usisubiri televisheni ije kumhoji. Tumeshaona inavyochelewa.

Kabla sijarudi Dar nilishuka mjini, nikaenda soko la Memorial. Rafiki yangu anauza nguo za mtumba pale, na binti yake mkubwa amekwisha maliza sekondari. Nilikuwa na Maangamizi kwenye simu. Nikamwambia, huyu ndiye mmoja wa akina mama walioanzisha ile klabu yetu.

"Kumbe alikuwa mwigizaji?" akauliza. "Mimi nilidhani ni watu wa wizara."

Tukaegemea marobota, tukatazama kama dakika kumi, sauti ikimezwa na kelele za wauzaji. Hakusema kitu. Akaja mteja, akashika blauzi, akataka kupunguziwa bei. Rafiki yangu akainuka, na hapohapo, bila kujiandaa, akaitoa ile sauti ya konda, akaning'inia kwenye nguzo ya kibanda kama mlango wa Hiace. Mteja akacheka, akalipa bei nzima.

Alipokaa tena akanirudishia simu. "Nitumie," akaniambia. "Nataka kuona kama yule mama ataongea."